Mume anataka tuuze Prado ili tununue gari la umeme

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tegeta na nina duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Tangu 2015 naendesha Harrier ya zamani, ya cc 2,400. Imenisaidia sana, lakini sasa imechoka. Leo shokapu, kesho rejeta, na sheli naacha kama 22,000 kila siku. Nikitoka alfajiri kupeleka watoto shule, nikaenda dukani na kurudi, ni kilomita 60, na nyingi ni za foleni.

Miaka mitano nimeweka akiba ili nijinunulie gari zuri. Wakala anayeagiza magari amenipa machaguo mawili. La kwanza ni BMW X3 ya petroli, cc 2,000, ya 2019, kutoka Japani. Mpaka nishike ufunguo, na kodi zote, ni milioni 95. La pili ni BMW iX3, ndiyo X3 ileile ila ya umeme, ya 2022, kutoka Uingereza. Hiyo ni milioni 130. Mkononi nina milioni 100.

Moyo wangu uko kwenye la umeme. Mteja wangu mmoja alinipa lifti kwenye iX3 yake kutoka Kariakoo mpaka Mwenge. Foleni imesimama, AC inapuliza, na hamna mtetemo wala mngurumo wowote. Nilishuka nimeshaamua.

Mume wangu hana neno na umeme. Ila anasema hizo milioni 30 zinazopungua tuzipate kwa kuuza Prado yake ya dizeli, ya 2008. Kuna mtu amefika milioni 36. Yeye kazi yake iko Bunju, anasema atapanda hata bodaboda.

Sasa dada, sisi ni watu wa Marangu. Desemba lazima twende nyumbani, mama mkwe huanza kuhesabu siku tangu Oktoba. Jumapili iliyopita shemeji yangu mkubwa alikuja kula, akasikia habari hizi, akaweka kijiko chini. Akasema gari la umeme litatufia njiani, Segera, usiku na watoto ndani, betri ikifa bei yake ni ya kiwanja, na fundi wa kuligusa hayupo. Tangu siku ile mume wangu yuko kimya, na mimi silali. Nikichukua petroli nitajiona nimejinyima kitu nilichokitolea jasho. Nikichukua umeme na likatuacha njiani, nitasemwa na ukoo mzima.

Niambie ukweli. Petroli au umeme?

Mama Watatu, Tegeta

*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hongera. Milioni 100 kutoka kwenye misumari, saruji na bati si fedha ya kuokota, na mtu asikufanye uone haya kutaka gari zuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila nikirudi, naona kinachokunyima usingizi ni ile Prado. Petroli na umeme tutavimaliza kwa hesabu, lakini Prado ikishaondoka hairudi. Kwa hiyo jibu langu nalitoa mapema, halafu nieleze. Kwa maisha unayoishi wewe siku 350 za mwaka, gari la umeme linakufaa kuliko la petroli. Ila msiuze Prado ili kulipata. Kama haliwezekani bila kuuza Prado, subiri.

Twende na hesabu zako. Kilomita 60 kwa siku. X3 ya petroli ikikutendea vema kwenye foleni ya barabara ya Bagamoyo itakupa kilomita 9 kwa lita. Bei ya petroli inayotangazwa na EWURA inapanda na kushuka kila mwezi, na Agosti 2022 tuliiona Dar ikipita 3,400 kwa lita, kwa hiyo tuchukue 3,000 hesabu iwe nyepesi. Hapo ni shilingi 20,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 520,000.

iX3 hula kama uniti 20 kwa kilomita 100 ukiwa na AC. Kilomita zako 60 ni uniti 12, na kwa kuwa kila ukichaji kuna umeme unaopotea njiani, weka 13. Uniti ya LUKU nyumbani kwa mtu wa matumizi ya kawaida, pamoja na kodi na tozo zake, ni kama 356. Hiyo ni 4,600 kwa siku, kama 120,000 kwa mwezi. (Kama nyumba yenu bado iko kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi, sahau bei hiyo ya chini siku gari likiingia getini.)

Unaokoa kama 400,000 kwa mwezi, milioni 4.8 kwa mwaka. Sasa nisikudanganye kama wauzaji wanavyofanya. Tofauti ya bei ya magari haya ni milioni 35. Kwa mafuta peke yake itakuchukua miaka saba kuirudisha. Ukiongeza oili ya injini, filta yake na plagi ambavyo gari la umeme halivihitaji, miaka inapungua kidogo, lakini bado ni mingi. Angekuwa mtu wa kubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu, ningemwambia achukue petroli, tena la umeme kuliuza hapa kwetu si rahisi kama kuuza Toyota. Wewe Harrier unayo tangu 2015. Wewe ni mtu wa kukaa na gari, na hesabu hii inawapendelea watu kama wewe.

Sasa shemeji. Usimpuuze. Maneno yake yalikuwa makali, lakini anawahofia watoto wa ndugu yake, na kati ya mambo matatu aliyosema moja ni kweli tupu.

Segera ni kweli. iX3 hii ina betri ya uniti 74 za kutumika, na vipimo vya Ulaya vinaipa kama kilomita 460. Toa ile AC, toa mzigo, toa barabara. Mkiwa watano na buti limejaa mchele, sukari na zawadi za mama mkwe, mimi ningehesabu 370. Barabara yetu ina kitu kimoja kizuri kwa gari la umeme: vijiji vyote vile vya 50 na askari wenye tochi vinakulazimisha kwenda polepole, na umeme hupenda mwendo wa polepole. Lakini kutoka Tegeta, hata mkikata kwa Bagamoyo na kutokea Msata, mpaka Marangu ni zaidi ya kilomita 500, na kutoka Himo kwenda juu ni mlima. Haifiki kwa chaji moja, haijalishi nani anaendesha.

Kwa hiyo mtahitaji kama uniti 30 hadi 35 za ziada njiani. Tuseme mnasimama Mombo. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya pini tatu, gari hili linavuta uniti mbili na kidogo kwa saa. Hizo ni saa 14 au 15, watoto wamekaa kwenye ukumbi wa gesti tarehe 22 Desemba. Mkipata mahali palipofungwa chaja ya ampea 32 ni saa tano. Ya haraka inayojaza kwa nusu saa, usiondoke Tegeta kwa kutegemea kwamba utaikuta, inawaka, na haina mtu mbele yako. Mimi nisingewapeleka watoto hivyo. Ndiyo maana nasema Prado ibaki. Ina miaka mingi, lakini kwa safari ya Marangu hakuna gari kati ya hayo mawili ya BMW linaloifikia, hata hiyo X3 ya petroli. Ile barabara ya kupanda kwa mama mkwe ikinyeshewa unaijua kuliko mimi.

Na fikiria kitu kingine. Mkiuza Prado, nyumba nzima imekaa juu ya mita moja ya LUKU. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao wa umeme, mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukawashwa Februari 2024. Sasa mitambo yote tisa iko kazini, megawati 2,115, na hali ni nyingine kabisa. Lakini transfoma ya mtaa ikiungua, bwawa haliwezi kukusaidia usiku ule. Na petroli nayo si mwokozi: katikati ya 2023 mafuta yaliadimika, watu wakapanga misururu sheli. Nyumba yenye gari moja la umeme na moja la dizeli imelala salama pande zote mbili. Hiyo ndiyo raha mnayotaka kuiuza kwa milioni 36.

La pili la shemeji, betri. Hofu hii imetoka mahali. Magari madogo ya umeme ya mwanzo yaliyoingia kutoka Japani mengi hayakuwa na mfumo wa kupooza betri kwa maji, na joto la kwetu likawa linazimaliza. Mimi mwenyewe nilinunua moja nikaliona limeng'aa, sikuangalia kingine. Kwenye dashibodi kulikuwa na vijistari vya uhai wa betri vinavyotakiwa kuwa 12, langu likawa na 8. Aliyeniuzia alijua, mimi sikujua hata pa kuangalia. Nikijaza usiku kucha, naenda mjini na kurudi, naingia getini nimeshika roho.

iX3 betri yake inapoozwa kwa kimiminika, na ni kubwa mno kwa safari zako. Chukua hali mbaya: miaka inapita, betri imebaki asilimia 70. Hizo bado ni uniti 52, kilomita 250 na zaidi, siku nne za ruti yako bila kugusa chaja. Mtu mwenye betri ndogo na safari ndefu ana haki ya kuogopa. Wewe una betri kubwa na safari fupi. Ila usinunue kwa picha za nje. Mwambie wakala akuletee kipimo cha afya ya betri kilichosomwa na mashine ya gereji, chenye namba ya chesisi ya gari hilohilo, kabla hujatuma hata senti. Na usitegemee ile dhamana ya miaka minane ya kiwandani mpaka upate kwa maandishi kwamba inafanya kazi Tanzania.

Umesema la umeme linatoka Uingereza, na hapo umepata bahati ambayo labda huijui. iX3 za Japani zina tundu la kuchajia la Kijapani, la haraka na la polepole yote tofauti na ya Ulaya. Ya Uingereza ina tundu la Ulaya, na waya wake wa nyumbani una plagi ya pini tatu, hiihii ya kwetu. Skrini inasoma Kiingereza, maili unazigeuza kuwa kilomita. Ukipewa ya Japani kwa bei ya chini kidogo, kataa.

La tatu, fundi. Hapa shemeji yuko nusu. Kwa kuwa iX3 imejengwa juu ya X3, kazi nyingi za chini na za bodi fundi anayezijua X3 ataziweza. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa ndizo zisiguswe na mtu asiyefunzwa, maana umeme wake unaua. Kabla ya kununua, nenda mwenyewe gereji mbili, uliza nani ana mashine ya kusoma gari hili na nani amefunzwa umeme mkubwa. Muulize na yule mteja wako gari lake anapeleka wapi, huyo ni hazina yako.

Mambo mengine mawili nayasema haraka. iX3 iko chini kuliko X3 kwa kama sentimita mbili na nusu, na inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo barabara yenu ya ndani ikiwa na makorongo wakati wa masika, ipime kwa macho. Na ina tani mbili na zaidi, tairi zitaisha mapema kuliko ulivyozoea kwenye Harrier.

Nikae kidogo kwenye jambo ambalo hakuna aliyekutajia, si wakala, si mume, si shemeji. Ukuta wa nyumba yako.

Wiki ya kwanza na gari langu nilipitisha kebo ya kuongezea dirishani, nikachomeka, nikalala. Saa tisa usiku nikaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Niliposhika ile plagi ilikuwa ya moto kama pasi, na kuzunguka matundu ya soketi ukuta umekuwa wa kahawia. Fundi umeme alikuja asubuhi, akafungua boksi, akanionyesha kwa kidole. Waya ulikuwa mwembamba wa milimita mbili na nusu, umebeba friji, pampu ya maji na sasa gari. Na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatwa, umekunjwa nyuma ya soketi, haujaunganishwa na kitu. Miaka tisa tumeishi hivyo. Watoto wamekulia hapo.

Akavuta laini mpya peke yake kutoka kwenye boksi kuu, waya wa milimita kumi, na breka yake ya ampea 32 inayokata umeme ukivuja. Chuma cha ethi kilikuwa kimechomekwa kwenye mchanga mkavu nyuma ya choo, akakihamishia panapopata maji na kukipigilia chini zaidi. Magari mengi ya umeme yakihisi ethi ni mbovu yanagoma kuchaji, na watu wanadhani gari limeharibika. Kwa laini kama hiyo, hata ukiwa na umeme wa fezi moja, iX3 inajaa kutoka chini kabisa kwa saa kumi na ushee. Na kwa matumizi yako ya uniti 13, saa mbili zinatosha. Unarudi jioni, unachomeka, mkimaliza kula limeshajaa.

Ndiyo sababu nakwambia kusubiri hakutakuwa kukaa bure. Kazi ya fundi umeme ianze mwezi huu, kwa fedha yako hiyohiyo. Nyumba itakuwa salama hata kama gari halitakuja kamwe. Wakati huohuo ongeza akiba. Bei nayo inaweza kukusogelea, kwa sababu Septemba 2025 BMW walizindua iX3 mpya kabisa, yenye betri ya uniti 108 na mwendo wa hadi kilomita 805 kwa vipimo vya Ulaya. Huko Ulaya, wenye ya zamani watakaotaka mpya wataziachia walizonazo, na sioni sababu ya wewe kuwa mtu wa mwisho kulipa bei ya juu. Mwambie wakala unataka bei mpya, na akuandikie makadirio ya kodi ya TRA kwa gari hilo hasa, umeme na petroli havihesabiwi sawasawa.

Na kama Harrier itakufia mkononi kabla fedha hazijatimia? Chukua X3 ya petroli bila kinyongo. Ni gari zuri, unalimudu leo, na Prado inabaki. Hutakuwa umejinyima. Nisichokubali ni hiyo njia ya tatu, ya kuondoa gari ambalo familia inalitegemea Desemba ili kupata ambalo Desemba haliwezi.

Kuhusu mume wako, ukimya ule mimi siusomi kama hasira. Amejitolea kuuza gari lake ili wewe upate unachokipenda, halafu kaka yake akaliponda hilo la umeme mbele ya watoto. Mtafute jioni moja, mshukuru kwanza kwa ile Prado, kwa maneno, usidhani anajua. Halafu mwonyeshe hesabu hizi kwenye karatasi. Kumjibu shemeji mwachie yeye, ni ndugu yake. Inatosha amwambie kwamba Desemba mnakuja na Prado kama kawaida.

Kabla hujalipa amana yoyote, fungua boksi la umeme la nyumbani kwako, piga picha mita, breka zote na mahali ethi inapoingia ardhini, unitumie. Nitamwonyesha fundi wangu, nitakurudishia jibu lake.